Catholic-Hierarchy, GCatholic na Acta za Vatikani: ipi itakufikisha kwenye jimbo la zamani?

Anayeandaa kitabu cha jubilei ya parokia, anayesaka cheti cha ubatizo cha babu yake na mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu wamisionari wana swali moja: mwaka ule, mahali hapa palikuwa chini ya askofu yupi? Ramani ya majimbo ya leo haisaidii. Majimbo ya kwanza ya Tanganyika na Kenya yaliundwa kwa pamoja tarehe 25 Machi 1953, Papa Pius XII alipoweka rasmi uongozi wa kijimbo katika nchi hizi. Kabla ya hapo kulikuwa na vikarieti na prefektura za kitume, yaani maeneo ya misheni ambayo hayajawa majimbo kamili, zikimegwa na kumegwa tena tangu misheni ya Zanguebar (jina la zamani la pwani ya Afrika Mashariki) ya 1860. Baada ya hapo kumega kuliendelea, na hakujaisha.

Nyenzo zinazotumiwa zaidi na watafutaji ni tovuti mbili za bure, Catholic-Hierarchy na GCatholic, pamoja na gazeti rasmi la Vatikani, Acta Apostolicae Sedis, ambalo juzuu zake ziko mtandaoni kwa PDF. Kwa kasi na unadhifu, anza na Catholic-Hierarchy. Kwa mfuatano wa majina, GCatholic inasomeka kwa urahisi zaidi. Kwa mipaka halisi, yaani wilaya ipi ilikwenda wapi, hizo mbili weka kando ufungue Acta. Hakuna hata moja itakayokuambia kitabu cha ubatizo kiko kabati gani, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema kuliko inavyopasa.

Catholic-Hierarchy ni tovuti ya Kiingereza, ya mtindo wa kizamani, isiyo na mapambo. Sifa yake ya kwanza ni hiyo: ukurasa hufunguka haraka hata kwa simu ndogo na mtandao wa kusuasua. Kila jimbo lina ukurasa wake wenye sehemu kuu tatu: orodha ya maaskofu waliopita na waliopo, jedwali la matukio, na jedwali la takwimu. La kushika ni jedwali la matukio. Utakuta tarehe, kisha neno la tukio: "Erected" ni kuundwa, "Elevated" ni kupandishwa hadhi, kwa mfano kutoka prefektura hadi vikarieti au kutoka vikarieti hadi jimbo, na "Territory Lost" ni eneo kumegwa. Pembeni yake huwa kuna jina la jimbo lililotoa au lililopokea, nalo unaweza kulibonyeza. Ukizoea safu hizo chache, Kiingereza hakitakusumbua.

Tuipime kwa Kibosho, misheni iliyoanzishwa 1893 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Leo ni Jimbo la Moshi, kwa hiyo unaanza na ukurasa wa Moshi. Unaambiwa chanzo chake ni Vikarieti ya Kitume ya Kilima-Njaro, iliyoundwa 13 Septemba 1910 kutoka Vikarieti ya Bagamoyo. Bonyeza Bagamoyo: unajikuta kwenye ukurasa wa Morogoro, kwa sababu vikarieti ile ndiyo iliyokuja kuwa Jimbo la Morogoro 1953. Morogoro nayo inasema ilitoka Zanguebar ya Kaskazini mwaka 1906. Bonyeza hapo, unatua kwenye ukurasa wa Jimbo Kuu la Nairobi! Anayeona hivi kwa mara ya kwanza hudhani tovuti imeharibika. Haijaharibika. Zanguebar ya Kaskazini iliitwa Vikarieti ya Zanzibar tangu mwisho wa 1906, na vikarieti hiyo hiyo ndiyo iliyogeuka Jimbo Kuu la Nairobi 1953. Kwa hiyo mtoto aliyebatizwa Kibosho mwaka 1900 alikuwa chini ya mamlaka ambayo mrithi wake wa kisheria leo yuko Kenya, ingawa kitabu alichoandikwa hakikuwahi kutoka mlimani.

Hapo ndipo penye ubora na udhaifu wa tovuti hizi mbili kwa pamoja. Zinafuata cheo. Hazifuati ardhi. Kila ukurasa ni historia ya kiti kimoja cha kiaskofu kama taasisi: kilipoanza, kilivyobadili jina, nani alikikalia. Kijiji chako kinaweza kuwa kimepita kwenye viti vinne tofauti, na hakuna ukurasa unaovipanga vyote vinne kwa niaba yako. Unavipanga mwenyewe kwa kurudi nyuma, jimbo mama hadi jimbo mama. Chukua bonde la Kilombero. Ukurasa wa Ifakara unakupa 2012 na jina moja tu, Mahenge. Ni lazima ufungue Mahenge ndipo uone kwamba nalo lilimegwa kutoka Dar es Salaam 1964. Kwa hati ya 1957 basi, ofisi ya askofu iliyohusika ni ya Dar es Salaam, na anayeandika barua Ifakara akitaka nakala za ofisi ya jimbo za miaka hiyo anagonga mlango usio wake.

Mtego mkubwa kuliko huo ni majina yaliyotumika mara mbili. Afrika Mashariki ina mengi, na tovuti hazikupigii kengele.

Bagamoyo ni la karibuni zaidi. Kuna Vikarieti ya Bagamoyo ya 1906, ambayo mrithi wake ni Morogoro, na kuna Jimbo la Bagamoyo lililoundwa 2025 kwa kumega Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro. Jina ni moja, ukoo wa kisheria ni tofauti. Mtu akikuonyesha hati ya 1930 yenye muhuri wa Bagamoyo, usiipeleke kwa kansela (mtunza nyaraka wa ofisi ya askofu) wa jimbo jipya kwa kufuata jina.

Bukoba ndiyo inayochanganya hata mapadre. Vikarieti ya Bukoba ilianza 1929 na kuwa jimbo 1953. Kando yake, mwishoni mwa 1951, iliundwa vikarieti ya Kagera ya Chini chini ya Laurean Rugambwa, nayo ikawa Jimbo la Rutabo 1953. Tarehe 21 Juni 1960, miezi michache baada ya Rugambwa kufanywa kardinali, Rutabo ilipewa jina la Bukoba, na Bukoba ya awali ikaitwa Rulenge. Tangu 2008 inaitwa Rulenge-Ngara, na mwaka huo huo Kayanga ikamegwa kutoka kwake. Matokeo yake kwenye tovuti: ukurasa wa Bukoba unaanza 1951, wakati mambo ya "Bukoba" ya 1929 yako kwenye ukurasa wa Rulenge-Ngara. Ni sahihi kabisa kisheria, na ni balaa kwa mtafutaji asiyejua.

Lindi nayo: prefektura ya 1913 iliyomegwa kutoka Dar es Salaam iligawanywa 1931 kuwa abasia (monasteri chini ya abate) mbili zenye mamlaka ya kijimbo, Ndanda na Peramiho. Lindi ya leo ilianza kama Jimbo la Nachingwea 1963 na kubadilishwa jina 1986. Na Zanzibar, ambayo vikarieti yake ya zamani tumekwisha iona ikiishia Nairobi, ilirudi kwenye orodha kwa njia nyingine: 1955 visiwa viliwekwa katika Jimbo la Mombasa na Zanzibar, 1964 vikapewa msimamizi wa kitume wao wenyewe, 1980 vikawa jimbo. Kwa hiyo hati ya Unguja ya 1958 ni ya jimbo lenye makao Mombasa.

Wasomaji wa Rwanda, Burundi na Kongo wana lao pia. Vikarieti ya Kivu ya 1912 haikuwa Kivu ya Bukavu. Ilikusanya Rwanda na Burundi, na 1922 ikagawanywa kuwa Ruanda na Urundi. Kivu ya upande wa Kongo, iliyozaa Bukavu, iliundwa 1929 kutoka Kongo ya Juu. Kabla ya kubonyeza chochote, tazama mwaka wa hati yako kwanza, jina baadaye.

GCatholic inabeba data nyingi zilezile, ila inazipanga kwa mstari wa wakati: mwaka, mwezi na siku mbele, kisha jina kamili la wakati huo. Kwa anayeandika kitabu cha jubilei, mpangilio huu ni rahisi kunakili na kuhakiki. Inayo pia orodha za makanisa makuu, basilika na vituo vya hija, jambo ambalo Catholic-Hierarchy haishughulikii sana. Ukurasa wake umejaa viungo kiasi kwamba kwenye simu unaweza kupotea, na ni vizuri kutumia kompyuta. Pale tovuti hizi mbili zinapotofautiana kwa siku chache, usichague kwa kupendezwa. Mara nyingi moja imechukua tarehe ya hati ya papa na nyingine tarehe ya kutangazwa. Parokia zenyewe huwa na tarehe ya tatu, siku askofu wa kwanza aliposimikwa, na ndiyo inayoshangiliwa kwenye jubilei. Zote tatu zinaweza kuwa sahihi. Andika ni tarehe ya nini.

Jedwali la takwimu la Catholic-Hierarchy linatoka katika kitabu cha mwaka cha Vatikani, Annuario Pontificio, na linaaminika kadiri taarifa zilizotumwa Roma zinavyoaminika. Kosa la kawaida la wanafunzi ni kuona idadi ya waamini imeshuka ghafla kati ya miaka miwili na kuandika kwamba watu waliliacha Kanisa. Tazama kwanza kama jimbo halikumegwa katikati. Angalia na safu ya kilomita za mraba: ikishuka pamoja na waamini, umepata jibu. Kasoro nyingine ni kwamba miaka mingi inarukwa, na kwamba baadhi ya majimbo yalituma makadirio ya duara yanayojirudia. Kwa mchoro wa ukuaji wa miongo, zinatosha. Kwa hoja ya mwaka mmoja mahususi, hapana.

Zote mbili ni kazi za watu binafsi na hazijidai kuwa sauti rasmi ya Kanisa. Kansela hatakubali karatasi iliyochapwa kutoka huko kama ushahidi, na yuko sawa.

Kitabu chenyewe cha Annuario, kile chenye jalada jekundu, kina maandishi ya Kiitaliano na kurasa zaidi ya elfu mbili. Kwa kila jimbo kinatoa tarehe za kuundwa na kupandishwa hadhi ndani ya mabano, jina la Kilatini, na takwimu za mwaka. Jimbo mama hakikutajii. Kwa kazi hii si cha kununua. Kama seminari au ofisi ya jimbo iliyo karibu nawe inayo nakala ya zamani, hata ya miaka ya 1960, kaa nayo saa moja, kwa sababu nakala ya mwaka husika inaonyesha majina kama yalivyokuwa wakati ule.

Acta Apostolicae Sedis ndiyo mamlaka. Juzuu zake tangu 1909 ziko bure kwenye tovuti ya Vatikani, na gazeti lililoitangulia, Acta Sanctae Sedis, lipo pia kwa miaka ya kabla. Ugumu ni mitatu: lugha ni Kilatini, mafaili ya juzuu nzima ni mazito, na majina ya mahali yameandikwa kwa sura ambayo hutaitambua. Mwanza iko kama Mvanzaensis, Songea kama Songeana. Ukiandika "Mwanza" kwenye kisanduku cha kutafuta huenda usipate kitu. Andika herufi nne tano za mwanzo za jina la Kilatini, ambalo Annuario au GCatholic itakupa. Kwa vikarieti za zamani jaribu Kilima-Njaro yenye kistari, Dar-es-Salaam yenye vistari viwili, na Zanguebar yenye u. Kama utafutaji wa maneno unagoma kwa sababu kurasa zimechanganuliwa vibaya, nenda mwishoni mwa juzuu. Kuna faharasa ya majimbo kwa alfabeti, na hiyo haijawahi kuwa na tatizo la mashine.

Faida yake inalipa jasho. Hati ya kuunda jimbo hutaja jimbo lililomegwa, eneo linalotolewa, mji wa makao na kanisa kuu, na jimbo kuu linalosimamia. Eneo mara nyingi huelezwa kwa wilaya za kiserikali za wakati huo. Kwa hiyo weka karibu ramani ya wilaya za mwaka uleule. Wilaya zimegawanywa sana tangu uhuru, na kusoma mipaka ya 1953 kwa ramani ya 2020 kutakupeleka ng'ambo ya mto usiouhusu. Ile hati kubwa ya 25 Machi 1953, Quemadmodum ad Nos, iko juzuu ya 45, ukurasa wa 705. Kwa majimbo ya miaka ya karibuni Acta huchelewa kutoka. Tumia taarifa ya kila siku ya ofisi ya habari ya Vatikani, ambayo siku jimbo jipya linapotangazwa hutoa pia ukubwa wa eneo na idadi ya parokia na mapadre.

Njia ya mkato ambayo wengi hawaijui: Wikipedia ya Kiitaliano. Makala zake za majimbo ni bora mara nyingi kuliko za Kiingereza, kwa sababu hutaja hati ya kila tukio pamoja na juzuu na ukurasa wa Acta. Usiinukuu yenyewe. Chukua namba ya ukurasa uende kwenye chanzo.

Sasa lile ambalo huduma zote hizi hazilifanyi. Papa ndiye anayeunda majimbo, lakini parokia huundwa na askofu wa jimbo, na kuundwa kwake hakuandikwi kwenye Acta wala kwenye tovuti hizi. Vitabu vya ubatizo ni mali ya parokia na hukaa parokiani. Jimbo likimegwa, parokia huhamia jimbo jipya pamoja na vitabu vyake. Nyaraka za ofisi ya askofu wa zamani hubaki kule kule. Kwa mtafutaji wa cheti, mpaka wa jimbo ni muhimu tu kwa kujua aende kwa nani parokia ikisema kitabu kimepotea. Sheria ya Kanisa ya 1917, kanuni ya 470, ilimtaka paroko apeleke nakala ya vitabu kwenye ofisi ya askofu kila mwisho wa mwaka. Pale ilipofuatwa, nakala iko kwenye makao ya jimbo la mwaka ule, na hapo ndipo ule mnyororo wa Kibosho au Kilombero unapokuwa na kazi.

Kinachokwamisha zaidi ni kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia. Mtoto aliyebatizwa kigangoni aliandikwa kwenye kitabu cha parokia mama. Kigango kikipandishwa kuwa parokia, kitabu kipya huanza na namba 1, na cha zamani hakihami. Kwa hiyo kama parokia yenu ilizinduliwa 1974 na babu alibatizwa 1958 palepale kanisani, uliza kwanza: kabla ya 1974 kigango hiki kilihudumiwa kutoka wapi? Wazee wa kigango wanajibu swali hili kwa dakika moja, tovuti zote tatu haziwezi.

Ukishaijua parokia, barua yako iwe na jina la ubatizo na jina la asili, majina ya baba na mama, msimamizi wa ubatizo, kigango, na mwaka hata kama ni wa kukisia kwa miaka miwili mitatu kila upande. Kumbuka wamisionari waliandika kwa Kilatini: Ludoviko atakuwa Ludovicus, Yohane atakuwa Joannes, Karoli atakuwa Carolus, na jina la ukoo kama tunavyolitumia leo huenda halipo kabisa. Kama cheti ni kwa ajili ya ndoa, omba kilichotolewa upya hivi karibuni; kile kilichokaa sandukuni tangu kipaimara hakitoshi, kwa sababu pembeni ya jina kwenye kitabu ndipo ndoa na mengine huongezwa. Na kama una cheti kilichochakaa, soma muhuri kabla ya kitu kingine chochote. Jina la vikarieti kwenye muhuri, likiwekwa sambamba na mwaka, linakupa ukurasa sahihi wa Catholic-Hierarchy mara moja.

Kitabu kikiwa kimeliwa na mchwa na ofisi ya jimbo haina nakala, kimbilio lililobaki ni shirika lililoihudumia misheni: Mapadre wa Roho Mtakatifu kwa Bagamoyo ya zamani na Kilimanjaro, nyaraka zao zikiwa Chevilly-Larue, Ufaransa; Wamisionari wa Afrika kwa Tabora, Bukoba, Mwanza na Karema, nyaraka zikiwa Roma; Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, kwa Ndanda na Peramiho. Wakapuchini wa Uswisi kwa Dar es Salaam na Mahenge tangu 1921, nyaraka zikiwa Luzern. Humo utapata shajara za misheni na ripoti za mwaka zaidi kuliko vitabu vya ubatizo, na zimeandikwa Kifaransa au Kijerumani. Taja jina la misheni kama lilivyoandikwa wakati ule na mwaka unaoutaka. Ombi la "historia ya jimbo letu" halina pa kuanzia kwa mtunza nyaraka.